Fomu Ilitaka Jina la Mume

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelikuta tayari limefungia vitumbua, nitarudi nyuma kidogo tu. Uchafu ukiurudiarudia sana unauzoea.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu. Mimi Wegesa, mjane wa Manyamanyama pale Bunda, nilizaa mabinti watupu na wote wakaolewa. Nyumba ikabaki haina mtoto wa kuirithi. Nikafanya wanavyofanyaga wanawake wa kwetu Mara wakifika hapo: nikatoa ng'ombe, nikaoa.

Ndiyo, nikaoa. Nyumba ntobu. Mwanamke anatoa mahari, anamwoa msichana, msichana anazaa na mwanaume ambaye jina lake halitajwi, na watoto ni wa yule aliyetoa ng'ombe. Kwa hiyo mimi ni mwanamke, na ni mume wa mtu. Anayecheka acheke sasa amalize.

Mke wangu ni Nyangi. Sote wawili tulikuwa jineri, kiwanda cha kutoa mbegu za pamba, kazi yetu kuichagua: safi huku, fifi, ile chafu, kule. Jina la jineri nalificha, maana wakubwa wake wengine wako hai na wanajua kusoma.

Tuliishia Nyangi ana mimba ya miezi saba. Ameomba likizo ya uzazi yenye mshahara, na Bwana Utumishi wa jineri, Clementi, amemrudishia fomu. Ameweka kidole kwenye mstari ulioandikwa "Jina la mume" na kumwambia, "Huna mume. Likizo hii ni ya walioolewa. Nenda kwenu, na ukishajifungua usirudi hapa." Nami nimeapa kuipeleka ile fomu Musoma, kwenye semina ya mkoa ya haki za wafanyakazi.

Mlioniandikia kuuliza ilikuwaje mimi wa darasa la nne nikachaguliwa mjumbe, jibu ni hili. Wiki ya uchaguzi nilikuwa na jino bovu, sifungui mdomo. Wakubwa wakadhani ndiyo tabia yangu.

Lakini kabla hatujafika Musoma, kuna jambo wiki iliyopita niliwaficha. Leo nalitema.

Aliyempa Nyangi mimba ni huyohuyo Clementi.

Na aliyemleta Clementi nyumbani ni mimi.

Msinitazame hivyo. Mwanaume lazima apatikane, na mume ndiye anayemtafuta. Nilimwona Clementi siku alipoletwa jineri akitokea huko kwao kando ya ziwa. Mrefu, meno yamepangana, Kiswahili kinateleza kama kimepakwa mafuta. Nikasema moyoni, mbegu ndiyo hii.

Miaka tisa nilikuwa nimeshika magunia ya wakulima. Najua ujanja wao wote. Juu wanapanga pamba nyeupe pepe, chini wamesukumia fifi, madoa na majani na kinyesi cha panya. Mimi nilikuwa natia mkono mpaka kwapani, naileta fifi juu mbele ya mwenyewe, anaona haya. Hakuna gunia lililowahi kunidanganya.

Clementi nilimwangalia juu tu.

Nikamchinjia kuku. Akaja Jumamosi mchana, akaja na Jumamosi nyingine. Mwezi uliofuata Nyangi akaandikwa kazi jineri. Nikajiona mwerevu kupita wazee wote wa Bunda: kuku mmoja, nimepata mtoto na kazi.

Nyangi alisema nini? Hakusema. Alimnyonyoa kuku, akampika, akampakulia mgeni. Mimi kimya kile nikakihesabu kuwa ndiyo.

Haya, sasa twende Musoma.

Semina ilikuwa ya siku tatu, ukumbini Mwisenge. Wajumbe walitoka Musoma mjini, Bunda, Butiama, kila palipokuwa na mwajiri na mwajiriwa. Mwenyekiti alikuwa Afisa Kazi, Bwana Jilala, Msukuma wa huko Shinyanga, mtu wa miwani na kanuni. Hata chai alikuwa anainywa kwa kanuni: hapulizi, anasubiri ipoe.

Siku ya kwanza nilijifunza maneno mengi. Mkataba. Notisi. Baraza la wafanyakazi. Jirani yangu wa benchi alikuwa Marcelina, mama wa Makoko anayefanya kazi ya kukausha samaki, mcheshi mpaka kero. Kila neno likitajwa ananinong'oneza, "Hilo sisi kwetu halijafika. Labda linakuja kwa miguu."

Siku ya pili asubuhi Bwana Jilala akasimama. "Ndugu wajumbe, somo la leo ni Haki za Mfanyakazi Mwanamke. Mkufunzi wetu ni Ndugu Clementi, Ofisa Utumishi kutoka Bunda."

Nikadhani sikio langu limeziba. Halikuziba. Akapita katikati ya mabenchi na mafaili yake, ananukia sabuni, anapeana mikono. Kwangu aliruka.

Akafundisha. Na alifundisha vizuri, hilo ndilo lililonichefua. Alisema mwanamke mfanyakazi si mali ya bosi. Alisema ofisa anayetumia cheo chake kumsumbua mwanamke ni adui wa Ujamaa, ni kupe. Watu wakapiga makofi. Kipande cha sato wa asubuhi kilikuwa kimekwama kwenye yale meno niliyokuwa nimeyasifia. Kila akisema "utu" kinatikisika. Saa nzima nilikitazama. 

"Maswali," akasema Bwana Jilala.

Nikanyoosha mkono. Clementi akatazama dirishani. Lakini mwenyekiti alikuwa ameniona.

"Ndugu mjumbe wa Bunda."

"Nauliza kwa mkufunzi," nikasema. "Mwanamke ameolewa kwa ng'ombe, mbele ya wazee, majirani wamekula pilau na ugali. Ana haki ya likizo ya uzazi au hana?"

"Anayo," akasema Clementi, macho bado dirishani.

"Basi nisainie hii."

Nikaitoa fomu kifuani. Ilikuwa imelowa jasho kidogo, lakini inasomeka. Nikaipeleka mwenyewe mpaka mezani, nikaiweka mbele ya Bwana Jilala.

Akaisoma. "Hapa pa jina la mume pako wazi."

"Nijaze mimi. Mume ni mimi."

Bwana Jilala akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, mume ni nani?"

"Mimi."

"Wewe ni mama."

"Kanisani ni mama. Kwa Nyangi ni mume."

Ukumbi ukaripuka kwa kicheko. Mzee mmoja wa Butiama, Ryoba, akasimama kumsaidia mwenyekiti. "Bwana Afisa, huku kwetu jambo hilo lipo. Mama yangu mdogo alikuwa na wake wawili, na alikuwa mkali kuliko baba."

"Na walikuwa wanamwogopa?" Marcelina akauliza.

"Hata mimi nilimwogopa."

Bwana Jilala hakucheka. Alifungua kitabu chake cha kanuni, akapekua, akapitisha kidole kwenye mistari. Nilisikia kalamu zinaacha kuandika.

"Kanuni inasema mwanamke aliyeolewa," akasema taratibu. "Haisemi ameolewa na nani."

Marcelina akanikanyaga mguu kwa furaha. Nilimpenda Msukuma yule siku ile, nusura nimwoe naye.

Ndipo Clementi akageuka kutoka dirishani, anatabasamu.

"Ndugu Mwenyekiti, tusigeuze semina kuwa ngoma. Hakuna mtoto aliyezaliwa na wanawake wawili. Kama mama huyu ni mkweli, na atutajie mwanaume. Baba wa mtoto ni nani? Mjumbe aseme hapa hapa, tuandike."

Aliniangalia usoni. Alikuwa anajua.

Nyie mnaotoka mbali pengine hamjui, nitawaeleza. Kwetu mwanaume anayeletwa hatajwi, si kwa aibu. Siku ukimtaja mbele ya watu umemfungulia mlango. Anaweza kuja na wazee wake, na ng'ombe wake, akasema, mmesikia wenyewe, mtoto ni wangu. Nikifunga mdomo, Nyangi amefukuzwa kazi. Nikiufungua, nyumba yangu imebaki tupu kama ilivyokuwa, na mtoto wangu ameondoka akiwa bado tumboni.

Lile jino bovu lingalikuwepo ningelisingizia.

"Mjumbe hana jibu," akasema Clementi.

"Mjumbe ana njaa," akasema Marcelina kwa sauti, "na mimi pia. Mwenyekiti, saa sita imepita."

Mungu ambariki mama yule. Tukatoka kwenda kula.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko na sahani yangu, ugali umeganda, Clementi akaja. Alikuwa na mfupa mkononi. Alichuchumaa karibu yangu kama mkwe mwema.

"Mama Wegesa, mbona huli?"

"Nimeshiba maneno yako."

"Unadhani niliirudisha ile fomu kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni fifi."

Akacheka, akaunyonya mfupa. "Niliirudisha ili uje kwangu. Ukachelewa, ukakimbilia huku. Sikiliza. Mke wangu ananizalia mabinti tu, kama wewe ulivyozaa. Mama yangu kila wiki ananiuliza. Andika jina langu kwenye ule mstari."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani ananitania.

"Clementi, mume. Nyangi, mke wa pili," akasema. "Nasaini leo leo. Likizo anapata, mshahara anapata, kazi yake inamngoja. Ng'ombe zako nakurudishia. Mtoto anakuja kwangu."

"Na akizaliwa binti?"

"Nitakurudishia."

Alisema hivyo hivyo. Atanirudishia, kama debe. Nilimtazama mafuta yanamtiririka kidevuni, na nikakumbuka kuku wangu, na jinsi nilivyomsifia siku ile kwamba anakula vizuri. Nilichukia kidevu chake. Nikachukia na mkono wangu uliomchinja kuku.

"Ukikataa," akasema akisimama, "Nyangi hataonekana jineri. Hata wewe. Na huyo Msukuma ataondoka keshokutwa, mimi nitabaki."

Akautupa mfupa karibu na mguu wangu, akaenda kunawa. Alinawa kwa sabuni, vidole vyote, mpaka kwenye kucha. Mtu msafi sana.

Mchana niliwahi ukumbini kabla ya wote. Nilikuwa nimeamua. Nitamwambia Bwana Jilala yote, baba ni nani, alikuja vipi, kazi ilipatikana vipi, na mtoto akienda aende. Halafu namwona Nyangi kichwani, tumbo lile, naona utoto mzima wa mtoto unapita nje ya ua wangu unaelekea ziwani. Naghairi. Nikaamua tena. Nikaghairi tena. Nilikuwa kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake.

Bwana Jilala alipoingia hakuniuliza lolote. Aligonga meza kwa kidole.

"Nimesoma tena fomu. Juu imeandikwa, ijazwe na mwombaji. Mwombaji si mama Wegesa wala si Ndugu Clementi. Gari la ofisi linakwenda Bunda jioni hii. Kesho asubuhi mwombaji ataletwa hapa, atajaza mwenyewe. Atakachoandika ndicho nitakachokifuata."

"Anajua kuandika?" Clementi akauliza.

"Anajua," nikasema. "Kisomo cha watu wazima. Amenipita."

Jioni ile Clementi alikuwa mchangamfu mno. Aliwanunulia wajumbe soda. Mimi hakunipa. Marcelina alipewa, akaja akanimiminia nusu, akasema, "Kunywa, ya adui ndiyo tamu." Haikuwa tamu.

Siku ya tatu Landrova ikaingia saa nne. Nyangi akashuka polepole, anajishika kiuno, vumbi la barabara limemfanya mweupe nyusi. Nikamkimbilia kabla mtu mwingine hajamfikia.

"Wamekwambia?"

"Dereva ameniambia njia nzima. Anapenda kuongea."

"Unajua la kuandika?"

"Najua, mama."

"Huyu anataka uandike jina lake. Anasema atasaini. Usikubali, Nyangi. Mtoto wetu ataondoka."

Akanitazama. Nyangi ana macho ambayo hayapepesi haraka, nilizoea kudhani ni upole.

"Nimechoka, mama," akasema. "Naomba nikakae."

Clementi naye alikuwa amesimama mlangoni. Nyangi alipopita, akamwambia kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, lakini nikaisikia. "Nyangi, jina langu unalijua linavyoandikwa. Nilikuandikia kwenye barua ya kazi."

Nyangi alipita na tumbo lake, Clementi akalazimika kujibana ukutani.

Bwana Jilala alikuwa amepanga meza vizuri. Upande mmoja wakae wafanyakazi, upande wa pili wakae waajiri, yeye kichwani. Clementi akaenda kuketi upande wake, akakunja nne. Mimi na Marcelina tukakaa upande wetu. Nyangi akapewa kiti, fomu na kalamu ya wino. Ukumbi wote ulikuwa umesogea, mzee Ryoba amesimama juu ya benchi.

"Ndugu Nyangi," akasema Bwana Jilala, "jaza kama unavyojua wewe. Hakuna atakayekusemesha."

Nyangi akainama. Huwa anaandika akitoa ulimi nje kidogo, herufi moja, anapumzika, herufi nyingine. Kutoka nilipokaa niliona mkono lakini sikuona karatasi yote, tumbo na kiwiko vimeziba. Nikanyanyuka kidogo. Nikaona W.

Halafu E. Halafu G.

Jamani, sitaweza kuwaeleza. Nikaketi tena. Marcelina akaniminya mkono. Nikamtazama Clementi, naye alikuwa ameona, maana mguu uliokuwa umekunjwa nne ulishuka. Nikamkonyeza. Mwanamke mzima, mjane, mkristo, nikamkonyeza mbele ya mkoa mzima.

Nyangi akamaliza, akaweka kalamu. Bwana Jilala akaivuta fomu. Akasoma. Akaigeuza kwenye mwanga, akasoma tena.

"Ndugu Nyangi, nadhani umekosea mstari. Pa jina la mume umepaacha wazi. Jina la mama Wegesa umeliandika hapa chini, penye jina la mwajiri."

"Sikukosea," akasema Nyangi.

Nilimwona Marcelina anaachia mkono wangu.

"Jineri nafanya mchana," Nyangi akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama anaulizia bei ya chumvi. "Kwa mama nafanya asubuhi na jioni. Mwaka wa nne. Nalima, nachota maji, natwanga. Huyu bwana alipoletwa niliambiwa, mpakulie. Nikampakulia. Niliambiwa yaliyobaki, nikafanya. Hakuna siku niliyoulizwa kama nataka. Sasa nasikia humu ndani mnafundishwa haki za mtu anayefanya kazi. Mama amekuja kuulizia za jineri. Mimi naulizia za nyumbani."

Clementi akacheka. Kicheko kifupi, cha kupumua.

Nyangi akamgeukia. "Wewe usicheke. Fomu haina mstari wako."

Mzee Ryoba alishuka kwenye benchi taratibu, kama anashuka kutoka paa la nyumba ya mtu.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema nilikuwa nampenda, kwamba nilimnunulia kitenge cha Pasaka, kwamba ndivyo tulivyofanyaga tangu zamani. Yote yalikuwa kweli, na yote yalinuka kama maneno ya Clementi.

Bwana Jilala alikuwa amefungua kitabu cha kanuni. Safari hii alitafuta kifungu muda mrefu, mbele na nyuma, mpaka nikaanza kuomba asikione. Halafu akakifunga bila kutuambia alichokuta, akachukua karatasi nyeupe, akaandika juu yake tarehe ya siku ile.

"Mama Wegesa," akasema, "hapo ulipokaa ni upande wa wafanyakazi. Tafadhali hamia huku."

Upande wa pili kulikuwa na kiti kimoja kitupu, ubavuni mwa Clementi. Clementi akakivuta kwa mguu, akakipangusa kwa leso yake, akanikaribisha.

Nikakaa. Kilikuwa kinanukia sabuni ya leso yake.

"Haya," akasema Bwana Jilala, kalamu tayari. "Tuanze na siku uliyomwajiri."